Wino wa shajara ya ukoo: upi utachujuka juani, na upi utakula karatasi?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Naandika shajara ya ukoo wetu kwa kalamu ya wino, na nataka vitukuu waje kuisoma. Nina chupa tatu: wino wa bluu wa shule, ule unaofutika, wino wa bluu-nyeusi wenye chuma, na wino mweusi ambao lebo yake inasema ni wa kaboni. Nilichovya karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa tindikali. Ule wa chuma ulionyesha tindikali kali, pH ya karibu 2. Ule wa bluu uliitia karatasi rangi yake nikashindwa kusoma chochote, na mweusi vivyo hivyo. Nimeuogopa ule wa chuma, nimeanza kuandikia wa bluu. Je, niko sawa? Na nitapimaje mwenyewe, bila maabara, nijue upi utachujuka na upi utaharibu karatasi?

Jibu:

Shikamoo, Mwalimu. Kwanza weka kando ule wa bluu. Katika chupa zako tatu, huo ndio dhaifu kuliko zote mbele ya mwanga, na kipimo ulichofanya hakikuwa na njia ya kukuonyesha hilo. pH haisemi lolote kuhusu kuchujuka. Hata kuhusu kuharibu karatasi inasema nusu tu ya habari, kama nitakavyoeleza. Una maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Wino wa bluu unaofutika hutiwa rangi ya kundi ambalo wanakemia huliita triarilimethani. Ni rangi nzito na rahisi; kidogo tu hupaka chupa nzima. Lakini molekuli yake ni legelege. Ile kalamu ya kufutia ya wanafunzi huiondolea rangi papo hapo kwa kuigeuza umbo, na jua, likishirikiana na oksijeni na unyevu, huivunja polepole. Wino huo ulikusudiwa utoke kwenye sare za watoto. Kuuandikia nasaba ni kuutwisha kazi isiyo yake.

Ule wa chuma una hadithi nyingine. Hutengenezwa kwa salfeti ya chuma na tanini inayotokana na vinundu vinavyoota kwenye miti ya mwaloni. Ukiwa ndani ya chupa, chuma kimeyeyuka na kioevu chenyewe hakina weusi wa maana, ndiyo sababu hutiwa rangi ya bluu ili mwandishi aone anachoandika. Ukitua kwenye karatasi hukutana na hewa, chuma hubadilika, na ndani ya nyuzi za karatasi hujengeka kitu cheusi kisichoyeyuka kwa maji. Tindikali imewekwa humo makusudi: inazuia mabadiliko hayo yasianze mapema ndani ya chupa au kalamu. Kwa hiyo ile pH ya karibu 2 uliyoiona si ubovu wa chupa yako. Bila hiyo ungekuta tope jeusi chini. Wino wa aina hii ndio ulioandika rejista za ndoa na vizazi za Uingereza kwa vizazi vingi, na bado unauzwa kwa jina la wino wa wasajili.

Na ule mweusi wa kaboni una chembe za masizi zilizosagwa laini mno zikaelea majini. Kaboni haina molekuli ya rangi ya kuvunjwa na mwanga. Shida zake ziko kwenye kalamu, nitafika huko.

Sasa kupima mwanga. Chukua karatasi ileile unayoandikia shajara, si nyingine, kwa kuwa wino mmoja hutenda tofauti kwenye karatasi mbili. Kwa kila wino andika mstari wa maneno kwa kalamu ileile, uioshe kila ubadilishapo wino, kisha chini yake paka bapa nzito kwa pamba ya masikio, na bapa jingine la wino uliozimuliwa kwa maji. Bapa zito lina rangi nyingi ya akiba: sehemu ya juu ikifa, ya chini inafunika, na utadhani wino ni imara. Mstari mwembamba ndio husema kweli, na shajara yako ni mistari myembamba. Andika kwa penseli jina la wino na tarehe. Penseli ni kaboni pia, haitakutoroka.

Acha karatasi hiyo siku kadhaa gizani kabla ya kuipeleka juani, ili wino wa chuma umalize kukomaa. Ukiupeleka siku hiyohiyo utaona unakuwa mweusi zaidi badala ya kupauka, na utachanganyikiwa. Kisha ikate vipande viwili. Kimoja kiingie ndani ya bahasha, kabatini. Cha pili kifunike nusu kwa karatasi ya foili iliyobanwa barabara, na nusu ibaki wazi. Watu wengi huiacha ile ya kabatini wakidhani foili inatosha. Haitoshi. Foili huzuia mwanga tu. Joto na unyevu wa dirishani hufika chini yake pia. Ukiwa na zote tatu, iliyo wazi, iliyofunikwa na iliyo kabatini, utajua mabadiliko yapi ni ya jua na yapi ni ya joto au ya wino wenyewe.

Suala la dirisha. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani yanakuambia utumie dirisha linalotazama kusini. Ni sahihi kwao. Kwako Tanga yatakupoteza. Kuanzia mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua lako la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki upande wa kusini, tena liko juu sana kiasi kwamba ukingo wa paa au baraza hulizuia. Chagua dirisha la mashariki au la magharibi. Hapo jua huingia likiwa chini, kila siku ya mwaka, na mwezi mmoja hulingana na mwingine kadiri mawingu yatakavyoruhusu. Kioo kiwepo. Kioo hupunguza sehemu kubwa ya miale mikali ya urujuanimno, na shajara ikitundikwa itakuwa nyuma ya kioo pia. Kuanika karatasi uani ni kipimo cha jua, umande, vumbi na kuku kwa pamoja.

Tatizo linalobaki ni kwamba "wiki nne dirishani" si kipimo. Wiki nne za masika na wiki nne za Januari hazina mwanga sawa, na dirisha langu si lako. Wataalamu walilitatua kwa kadi ya sufu ya bluu, iliyomo kwenye kanuni za kimataifa za ISO 105. Ni vipande vinane vya kitambaa cha sufu vilivyotiwa rangi za bluu zenye nguvu tofauti: cha 1 hupauka upesi mno, cha 8 huchukua muda mrefu kabisa, na kila kimoja huhitaji takriban mara mbili ya mwanga uliompausha aliyemtangulia. Kadi huwekwa sambamba na wino, nusu imefunikwa vilevile. Wino ukianza kupauka pamoja na kipande cha 2, huo ni daraja la 2, uwe umepimwa Tanga au Oslo. Aina nyingi za wino wa kawaida wa kalamu hujikuta kwenye madaraja ya chini ya kadi hiyo, jambo ambalo watengenezaji hawana haraka ya kulichapisha kwenye lebo.

Kadi hiyo huuzwa na maduka ya vifaa vya nguo na vya makumbusho huko nje, na si ghali. Usipoipata, tumia wino wako wa bluu wa shule kama saa yako. Uweke kwenye kila kipimo. Wakati mstari wake umebaki kivuli, ndipo uwatazame wengine. Huwezi kusema wino fulani ni wa daraja gani, lakini utasema kwa haki kwamba wa bluu umekufa na huu haujaguswa, na kwa kazi yako hilo ndilo jibu unalolihitaji.

Nikupe picha ya ukubwa wa jambo lenyewe. Makumbusho mengi huweka nyaraka na michoro ya karatasi kwenye mwanga usiozidi lukisi 50 (lukisi ni kipimo cha mwanga). Jua kali la adhuhuri hufika kama lukisi 100,000. Ukigawanya, saa moja ya jua ni sawa na saa 2,000 za chumba cha makumbusho. Chumba kikiwa wazi saa nane kwa siku, hizo ni siku 250. Hesabu si kamili, maana jua lina urujuanimno ambao makumbusho huuchuja, lakini sasa unaona kwa nini miezi michache dirishani inaweza kukuambia habari za miaka mingi, na kwa nini ukurasa ulioachwa wazi mezani karibu na dirisha unazeeka huku ukiutazama.

Hata wino wa chuma hauna kinga ya milele. Azimio la Uhuru la Marekani, lililoandikwa kwa wino wa aina hii juu ya ngozi, lilitundikwa katika jengo la ofisi ya hataza mjini Washington kuanzia 1841 hadi 1876, likitazamana na mwanga wa dirisha. Leo ukilitazama, maandishi yake yamepauka vibaya. Kwa hiyo usiniambie wino umefaulu halafu ukaitundika shajara ukumbini. Tundika nakala.

Kulinganisha, tumia macho yako mwenyewe mchana, kwenye kivuli. Kamera ya simu hurekebisha rangi bila kukuuliza, na picha mbili za siku mbili hazilinganishwi ila ukiweka kipande cha kadi ya kijivu kwenye kila picha. Angalia kupauka, na angalia pia kugeuka rangi. Wino wa kahawia, wa zambarau na mweusi wa kawaida mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi mbili tatu. Moja ikifa mapema, kahawia inageuka kijani. Ukitaka kuijua dhaifu ni ipi, dondoshea wino kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia, simamisha ncha yake majini hadi rangi zipande na kuachana, ikaushe, kisha ukanda huo nao uupeleke dirishani. Kwa jumla, nyekundu za eosini, waridi zinazong'aa na zambarau ndizo huondoka kwanza. Bluu za rangi ya feruzi zenye shaba ndani yake hudumu zaidi.

Wako wa chuma utakushtua kidogo: ile bluu ya kuonyeshea njia itatoka, na kitakachobaki ni kijivu au weusi. Hiyo si dalili ya kufeli. Kazi inafanywa na chuma.

Kuna wanaopima kwa kudondoshea jiki. Hicho ni kipimo cha jiki. Kina faida moja: wino wa chuma ukidondoshewa huacha alama ya kutu, na wino wa rangi tupu hupotea wote, hivyo unajua chupa isiyo na lebo ni ya aina gani. Kuhusu jua hakikufundishi kitu. Afadhali hata taa ya dukani ya kukagulia noti bandia. Chini yake maandishi ya wino wa chuma huonekana meusi ti, hata yaliyopauka kiasi cha kutosomeka. Kama una barua za zamani za ukoo, zijaribu.

Tuje kwenye tindikali. Karatasi za pH za mabwawa ya kuogelea zisahau, kipimo chake hakishuki hata karibu na 2. Nunua zile za 1 hadi 14, ambazo rangi yake imefungwa kwenye nyuzi haimwagiki. Usizichovye. Gusa wino kwa ncha moja ya ukanda na usubiri: maji hutangulia mbele ya rangi, na kwenye ule ukingo wa maji meupe unasoma pH kabla rangi haijafika. Kwa wino wa kaboni njia hii ni nzuri sana kwa kuwa chembe hubaki nyuma. Kwa bluu ya shule uwe mwepesi wa macho. Fanya na siki na maji ya magadi kwenye ukanda wa pembeni, ili uwe na rangi mbili unazozijua. Usiuzimue wino kwa maji kabla ya kuupima. Maji hubadilisha jibu, tena hata yale yaliyokenekwa hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na kuwa na tindikali kidogo yenyewe.

Kama kuna jirani mfuga samaki, huenda ana kipima pH cha umeme chenye umbo la kalamu. Kisahihishe kwanza kwa vimiminika vya 4 na 7, mimina wino kidogo kwenye kikombe cha dawa, usubiri namba itulie, kisha suuza bila kusugua kioo. Anza na wino mwepesi, wa chuma uwe wa mwisho. Na umrudishie kikiwa safi, samaki hawataki tanini.

Kila nafasi moja ya pH unayoshuka ni tindikali mara kumi zaidi. Wino wa pH 2 una tindikali huru mara 100,000 zaidi ya maji ya 7, na hapo ndipo hofu yako inapoanzia. Lakini tupige hesabu ya kiasi. Mililita moja ya wino wa pH 2, ambayo huandika kurasa nyingi, ina milimoli 0.01 ya tindikali huru (milimoli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi). Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Kanuni ya ISO 9706 ya karatasi za kudumu hudai akiba ya chokaa ya asilimia 2, yaani gramu 0.1 kwa ukurasa, na hiyo inaweza kuzima milimoli 2. Ni mara mia mbili ya tindikali huru ya mililita nzima, na ukurasa mmoja hauli mililita nzima. Sasa chukua wino huohuo uweke kwenye karatasi ya daftari duni isiyo na chokaa, yenye tindikali yake ya kiwandani na rojo ya mbao: hakuna wa kuuzima. Mwenye kosa kubwa hapo ni karatasi.

Niliposema pH ni nusu ya habari nilikuwa na maana mbili. Ya kwanza, kuna tindikali iliyofungwa ambayo pH haiihesabu, na aina yake nayo ina uzito: tindikali ya chumvi huvukiza ikaenda zake, ya salfa hubaki kwenye karatasi. Ya pili ni nzito zaidi. Chuma chenyewe kikibaki bila kushikwa na tanini huchochea oksijeni izile nyuzi za karatasi, na pH haikioni. Hati za muziki za Johann Sebastian Bach zilizoko maktaba ya taifa ya Berlin zilitobolewa na wino wa namna hiyo, nota zikaanguka kutoka kwenye kurasa. Wino wa enzi zile ulipikwa nyumbani, kila mtu na kipimo chake, na mara nyingi chuma kilizidi. Wa kisasa wa kalamu za kujaza una chuma kidogo na uwiano uliopimwa.

Chuma hicho kilichobaki kina kipimo chake. Wahifadhi wa Uholanzi walibuni vikanda vyenye bathofenantrolini: unalowesha kidogo, unakandamiza juu ya mstari, na kikigeuka waridi, kuna chuma huru. Huko nyumbani bila kikanda, andika mistari mizito ya kukatizana kwenye karatasi yako, iweke mahali pa joto na unyevu, jambo ambalo Pwani hulikosi, na nyingine ibaki pakavu. Kila baada ya miezi michache tazama mgongo wa karatasi. Ukiona utando wa kahawia kuzunguka mistari, au karatasi ikipasuka kwenye mstari unapoikunja taratibu, basi wino na karatasi hiyo havipatani. Chokaa nayo unaweza kuitafuta: chana kipande cha karatasi, kitie siki kali, tazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna mapovu madogo.

Onyo moja kabla sijasahau. Usichanganye chupa zako. Nyekundu ya eosini inahitaji mazingira ya alikali, kinyume cha tindikali; ikikutana na wino wa chuma hugeuka mchanga ndani ya kalamu. Hapa ndipo kuijua pH kunakolipa zaidi kuliko kwenye karatasi. Na alikali nayo si malaika: Parker walipotoa wino wao mkali wa alikali, Superchrome, miaka ya 1940, uliharibu kalamu nyingi ambazo hazikutengenezwa kuuvumilia.

Ningekuwa wewe, ningeandika majina na tarehe kwa ule wa kaboni kama kalamu yako inafunguka ikaosheka, au kwa ule wa chuma kama haifunguki, kwenye karatasi yenye chokaa, na wa bluu ningempa mjukuu kwa hesabu zake. Kurasa ulizokwisha andika kwa bluu zinakili upya sasa, usisubiri matokeo ya dirishani. Kaboni isikaukie ndani ya kalamu hata wiki moja: chembe zikishashika kwenye mfereji wa nibu hazitoki kwa maji. Ioshe kila unapojaza, na usiiache mlalo bila kifuniko. Wa chuma uoshe hivyohivyo, kwa maji baridi matupu. Watu wengine watakuambia utumie sabuni. Ikiwa ina alikali, itafanya chuma kigande mlemle ndani.